Mafundisho ya Udaktari Yaeleweke
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kisumu



Kamati imenipa nafasi niseme machache juu ya afya ya mfanya kazi. Pengine mlitazamia niseme juu ya vumbi la kiwandani, mabuti na kofia za kazi. Hayo nawaachia wenzangu wa usalama kazini, maana wanayajua kunishinda. Mimi ni nesi, na kwa miaka mingi nimezunguka wodini nikifuatwa nyuma na wanafunzi: wa udaktari, wa utabibu na wa unesi. Leo nataka tuzungumze juu ya jinsi vijana hao wanavyofundishwa, hasa katika yale masomo ya ukumbini ambayo wenyewe huyaita mihadhara. Swali langu ni moja tu: je, anayefundishwa anaelewa?

Namwona ndugu mmoja pale nyuma anamnong'oneza mwenzake. Nadhani anauliza chama cha wafanya kazi kina haja gani na mihadhara ya wasomi. Haja ipo, ndugu yangu. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Tena wako kati yetu waliouza ng'ombe na kukopa katika chama cha akiba ili mtoto asome udaktari Maseno, au aingie chuo cha utabibu hapa hapa Kisumu. Basi mnalipa mara mbili. Mnalipia mafundisho, halafu mnalipia matibabu yanayotoka katika mafundisho hayo. Mtu akinunua gunia la mahindi hulipima. Kwa nini hili tulipokee bila kupima?

Tutazame kazi yenyewe ilivyo. Seremala akimfundisha mwanagenzi vibaya, meza italegea mbele ya macho yake, naye atamwita kijana aianze upya. Fundi wa reli vile vile. Lakini mwalimu wa udaktari hufundisha saa nne asubuhi ukumbini, na matunda ya somo lake huiva miaka sita baadaye, saa mbili usiku, katika zahanati ya Mbita au Usenge, taa ikififia na mama akiwa amembeba mtoto. Mwalimu hayupo. Kama kijana hakuelewa, habari hiyo haimrudii mwalimu hata siku moja. Humrudia mama. Ndiyo sababu somo baya la udaktari laweza kurudiwa miaka 20 bila mtu kulikemea, na mwenye kulitoa akastaafu kwa heshima na saa ya ukutani.

Sasa nitawapa mfano wa somo lililoeleweka, tena mfano wenyewe umetoka katika ziwa letu hili.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago huko Kampala, alikuwako daktari wa upasuaji aitwaye Denis Burkitt, mtu wa Ireland, mwenye jicho moja, maana la pili lilipotea utotoni. Siku moja mwenzake alimwita atazame mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote, kulia na kushoto, juu na chini. Burkitt hakujua ni nini. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akaona mtoto mwingine aliyevimba namna ile ile, na tumboni pia mna uvimbe. Ndipo akaanza kupekua vitabu vya hospitali na kuwauliza madaktari wengine. Mwaka 1958 aliandika habari zake. Akapeleka karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza jambo jepesi: ugonjwa huu mnauona kwenu, au hamwuoni? Watu wakajibu, kwa kuwa swali lilikuwa jepesi na picha ilikuwa wazi.

Tarehe 22 Machi 1961 alisimama London, katika hospitali ya Middlesex ambako udaktari ulikuwa ukifundishwa, akatoa mhadhara. Hakuwa mtu wa sifa huko. Alikuwa daktari wa upasuaji kutoka makoloni, hana maabara kubwa nyuma yake. Alichokuwa nacho ni picha za watoto na hesabu ya mahali. Alionyesha kinachoonekana kwa macho: taya, meno, tumbo. Kisha akaeleza ugonjwa unapatikana wapi na wapi haupatikani, na kwamba unakwenda pamoja na joto na mvua.

Kati ya waliokuja kusikiliza alikuwamo Michael Anthony Epstein, mtafiti aliyekuwa akishughulika na kirusi cha uvimbe wa kuku. Hakuwa mganga wa watoto, wala ugonjwa ule hakuwa amewahi kuusikia. Lakini maneno yalimfikia. Alifikiri hivi: saratani ikifuata joto na mvua, basi kuna kitu chenye uhai kinachoileta. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kabla mhadhara haujakwisha alikuwa amekwisha amua kuacha kazi aliyokuwa nayo na kuifuata hii. Vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na kwa muda mrefu havikuonyesha kitu. Mwaka 1964, Epstein pamoja na Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wakakiona kirusi kwa darubini ya elektroni. Ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuwa kinahusika na saratani ya binadamu. Kimeitwa kwa majina ya Epstein na Barr. La Achong halikuingia, na wenzetu wanaofanya kazi maabara hawatashangaa kusikia hivyo.

Burkitt alifariki mwaka 1993, na Epstein mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 102. Lakini pimeni ninyi wenyewe. Kama Burkitt siku ile angaligeukia ukuta, akasoma upesi upesi kurasa 60 za majina ya Kilatini, Epstein angalikwenda nyumbani na nini? Angalikwenda na usingizi.

Mwaka ule ule, mwezi Oktoba, Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri wiki 10, maili zipatazo 10,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Wakaona kwamba katika sehemu zetu ugonjwa huu hukoma nchi inapopanda kufika kama futi 5,000. Sasa ninyi mlioko hapa mwajua ramani hii bila kuchorewa. Kisumu iko karibu futi 3,700. Ukipanda gari hadi Kericho, kwenye mashamba ya chai, uko karibu futi 7,000, na usiku unatafuta blanketi. Mbu wa malaria hapendi blanketi. Leo inajulikana kwamba malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, pamoja na kile kirusi, ndivyo humfungulia mlango ugonjwa huu. Kwa hiyo watoto wa pwani ya ziwa, kuanzia Siaya kupita Kisumu hadi Homa Bay na Migori, wamo ndani ya mpaka wake.

Saratani hii haijahama. Mpaka leo watoto huletwa katika hospitali yetu kubwa, ile ambayo sote twaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ingawa sasa inachukua jina la Jaramogi Oginga Odinga. (Siku ya kuifungua, tarehe 25 Oktoba 1969, risasi zilipigwa na watu wakafa katika mji huu. Wazee mliomo humu hamhitaji mimi niwakumbushe.)

Sasa fikirini kijana wetu yuko kwenye zahanati. Mama analeta mtoto wa umri wa kuanza shule, shavu limevimba kidogo, na magego yanacheza. Yule aliyefundishwa vema ana maneno machache kichwani: mtoto, taya, meno yanalegea, nchi ya malaria, usingoje, mpeleke Kisumu leo. Yule aliyefundishwa orodha ya magonjwa 40 ya kinywa, yote kwa uzito mmoja, huona jino. Basi huling'oa lile jino, hutoa vidonge vya kuua vijidudu, na humwambia mama arudi baada ya wiki mbili. Ndugu zangu, uvimbe huu hukua upesi kuliko karibu saratani zote za binadamu. Unaweza kuwa maradufu kwa siku mbili tatu. Wiki mbili ni muda mrefu mno. Na la kusikitisha ni kwamba ugonjwa huu husikia dawa vizuri, na watoto wengi waweza kupona wakifika mapema. Kijana yule si mvivu, wala si mjinga. Alikaa ukumbini siku zote na mtihani alipita.

Basi kule ukumbini hutokea nini? Nimewahi kuketi katika kumbi kadha, na moja sitaitaja hata mkiniuliza nje. Mwalimu aliingia amechelewa, akawasha picha ukutani, akazisoma moja baada ya moja akiwa ametupa mgongo. Zilikuwa zaidi ya 70 kwa saa moja. Nusu ya maneno yalikuwa herufi tatu tatu au nne nne zilizofupishwa, ambazo kila mmoja alizifahamu kwa namna yake. Wanafunzi hawakuandika, waliinua simu wakapiga picha ya picha. Mwishoni mwalimu akauliza, "Mmeelewa?" Wakajibu kwa sauti moja, "Ndiyo." Mimi nikamshika kijana mmoja mlangoni, nikamwambia, "Mwanangu, hebu nifanye mimi ndiye mama mgonjwa, unieleze." Alinitajia majina sita marefu, yote sawasawa. Nilipomwuliza mtoto mwenye ugonjwa huo ataonekanaje akiingia mlangoni, alicheka kwa haya.

Ile "ndiyo" yao haikuwa jawabu. Ilikuwa adabu. Tuna methali isemayo asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na walimu wengi huipenda sana kwa sababu inamtwika mwanafunzi mzigo wote. Lakini nimewaona waliouliza. Mmoja aliambiwa akasome kitabu; mwingine aliulizwa mbele ya wenzake alipitaje mtihani wa sekondari. Baada ya hapo nani atainua mkono? Nasema swali la "mmeelewa?" lisiulizwe kabisa. Ni kama msimamizi kuuliza watu wa zamu kama wote ni wazima: kila mtu atasema mzima, maana anataka kazi.

Wakubwa wengine hujibu kwamba udaktari ni elimu nzito, hauwezi kusimuliwa kama ngano. Ni kweli ni mzito. Lakini somo kuwa zito si sawa na somo kufunikwa. Mizigo ya bandarini nayo ni mizito, na bado mwenye kuipakia huonyeshwa pa kushika. Burkitt alisema juu ya jambo ambalo hakuna mtu duniani aliyelijua chanzo chake, na akaeleweka.

Kuna na jambo la lugha, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Zamani, kabla Chuo Kikuu cha Nairobi hakijaanza kufundisha udaktari mwaka 1967, kijana wa Nyanza aliyetaka kuwa daktari alivuka kwenda Makerere, au alikwenda ng'ambo. Wako waliokwenda Urusi kwa njia aliyoisaidia kuifungua Jaramogi. Huko, katika chuo kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, mgeni hakutiwa darasa la udaktari moja kwa moja. Mwaka mzima alifundishwa Kirusi kwanza. Mtu aweza kusema mengi juu ya Wasovieti, lakini hapo walikiri jambo la maana: kwamba mwalimu akisema lugha ambayo haijamkaa msikilizaji, mwalimu anasema peke yake.

Sisi kwetu kijana hufundishwa kwa Kiingereza toka siku ya kwanza mpaka anavaa joho, kisha hutumwa kwa mgonjwa anayesema Kiluo au Kiswahili. Sikatai Kiingereza, vitabu viko katika Kiingereza. Nakataa kwamba hakuna saa iliyotengwa ya kumfundisha avuke kutoka lugha ile hadi hii. Anaachiwa avuke mwenyewe, na mara nyingi havuki. Husema, "Majibu yako ni pozitivu," na mgonjwa humshukuru Mungu, akidhani ni habari njema.

Chukueni dawa ya mseto ya malaria, iliyoanza kutolewa kwa wingi hapa nchini mwaka 2006. Kila mmoja wenu ameimeza. Mtu mzima humeza vidonge 4 kwa mara moja, mara 6, jumla vidonge 24 kwa siku 3. Mara ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Tena imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa, ili iingie vizuri mwilini. Hayo ni maneno ya dakika moja. Lakini kijana aliyeyapokea kwa ufupisho wa ukumbini humwambia mlinzi wa usiku, "Nne, mara mbili kwa siku." Mlinzi huyo asubuhi ndipo anapolala na jioni ndipo anapoamka. Amepewa kidonge cha kwanza saa nane mchana. Ataimeza ya pili lini? Atakisia. Siku ya pili akipata nafuu atavificha vilivyobaki, ampe mtoto wakati mwingine. Kisha tunaambiwa wafanya kazi hawafuati maagizo ya daktari!

Na hili si ombi la hisani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inataka mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu yake katika lugha anayoifahamu, na kwa namna inayokadiria kiwango chake cha elimu. Basi sheria inamdai kijana kazi ambayo ukumbi haukumpa chombo chake. Katika kiwanda chochote tungeliita jambo hilo kwa jina lake, tukaandika barua kwa mwajiri.

Lakini tuwe waadilifu. Mwalimu naye ni mfanya kazi. Somo la wazi halipatikani bure. Lataka saa za kulitayarisha, kutupa yasiyohitajika, kutafuta picha moja badala ya kumi. Daktari aliyekesha zamu usiku kucha, kisha akaitwa kufundisha saa mbili asubuhi ukumbi uliojaa mpaka madirishani, atasoma alichonacho. Mgomo wa madaktari ulioanza tarehe 5 Desemba 2016 ulichukua siku 100, viongozi wao wakatiwa gerezani mwezi Februari, na siku zote hizo wanafunzi hawakuwa na wa kumfuata wodini. Tulipowaunga mkono wakati ule tulisema ni kwa ajili ya mishahara. Nasema ilikuwa kwa ajili ya mafundisho pia, ingawa hatukulisema kwa sauti. Kwa hiyo wenye vyuo wakija kutuambia kosa ni la mwalimu mmoja mmoja, tuwaulize kwanza wanafunzi ni wangapi kwa mwalimu mmoja, na mwalimu huyo alilala saa ngapi.

Basi naomba tawi letu lichukue haya. Tuwaandikie wakuu wa shule zinazofundisha udaktari na utabibu hapa mjini, kwa heshima, tukiomba kwamba kila somo lisifungwe kabla mwanafunzi mmoja, aliyechaguliwa bila kutazamia, hajasimama akaueleza ugonjwa kwa Kiswahili au Kiluo kana kwamba anasema na mama mlangoni. Dakika tano zatosha. Mwalimu atajua papo hapo kama ameeleweka, na sio miaka sita baadaye. Tuombe pia kila somo liwe na karatasi moja, narudia moja, yenye yale ambayo kijana asipoyajua mtu atakufa usiku huo; mengine yote yaendelee kukaa kitabuni. Na wanafunzi wapewe njia ya kusema somo gani hawakulielewa, bila kuandika majina, na bila kuogopa mtihani.

Ningependa pia manesi wa wodi na kina nyamrerwa wa vijijini waalikwe kusikiliza mara moja moja. Nyamrerwa hajui Kilatini, lakini akikunja uso, mwalimu ajue amepotea njia. Najua jambo hili litachekwa. Lichekwe.

Kwa upande wetu, hospitali na zahanati zina kamati zenye viti vya wananchi, na mara nyingi viti hivyo hukaliwa na watu wasiosema neno. Wanachama walio tayari kuingia wapeleke majina yao kwa Katibu kabla ya mkutano ujao. Na ninyi mlio na watoto katika shule hizo, akija nyumbani mwisho wa wiki mkalisheni karibu na bibi yake, mwambieni amweleze bibi somo moja la wiki ile. Andikeni alielewa nini bibi, na wapi aliuliza tena. Msiandike jina la mtoto wala la mwalimu. Karatasi hizo nileteeni mimi. Barua kwa wakuu itakuwa na nguvu zaidi ikiwa nazo mkononi.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Kama wakati upo, niko tayari kwa maswali, na yule ndugu wa nyuma aanze.